Gari Kuukuu kama Hati ya Historia: Volkswagen Moja ya Lubumbashi

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kukutana na hadithi, methali na majina ya mahali. Watatusamehe basi ikiwa safari hii tunawaletea gari. Ni Volkswagen ya mwaka 1962, mali ya marehemu baba yetu, ambayo kwa miaka mingi ililala chini ya mwembe nyuma ya nyumba, hapa Lubumbashi. Ndugu yetu mdogo, aliye fundi wa magari, ameanza kuifufua. Kazi hiyo imezusha ubishi kati yetu, na ubishi wenyewe, ukitazamwa vema, ni wa kihistoria: tuirudishe katika hali ya mwaka upi?

Fundi mzoefu huusoma umri wa gari la namna hii mwilini mwake, kama mwanaisimu asomavyo umri wa neno katika sauti zake. Hadi mwanzoni mwa 1953 dirisha la nyuma lilikuwa na vioo viwili. Baadaye likawa moja lenye umbo la yai. Tangu Agosti 1957 likapanuliwa na kuwa la pembe nne. Kabla ya gari za 1962, dereva hakuwa na kipimo cha mafuta: petroli ilipokwisha, alifungua kwa mguu kijibomba cha akiba. Gari la baba lina kipimo, na motere yake ya sentimita za ujazo 1,192 ina nguvu farasi 34. (Baba alisema *motere* na *freni*, kwa desturi ya hapa kwetu iliyotokana na Kifaransa, vitabu vya pwani husema *injini* na *breki*, kutoka Kiingereza. Hatuoni kwa nini mmoja amcheke mwenziwe.)

Lakini asili ya gari hili haionekani katika vyuma vyake, wala si nzuri. Tarehe 26 Mei 1938 Hitler aliweka jiwe la msingi la kiwanda chake, na Wajerumani wapatao 336,000 wakashawishiwa kununua stempu za marki 5 kila juma ili siku moja wapate gari la marki 990. Hakuna hata mmoja wao aliyelipata kwa stempu hizo. Vita vilipozuka, kiwanda kilitengeneza vyombo vya jeshi, kikiwatumikisha maelfu ya watu kwa nguvu. Ni baada ya 1945, chini ya jeshi la Waingereza na usimamizi wa Meja Ivan Hirst, ndipo gari la raia lilipoanza kutoka kwa wingi. Mwaka 1949 kiwanda kilirudishwa mikononi mwa Wajerumani. La kwetu lilizaliwa wakati mji huu, ukiitwa bado Élisabethville, ulikuwa mji mkuu wa Katanga iliyojitenga. Anayelipaka rangi mpya na kusema limerudi kuwa la asili, yampasa aseme anakusudia asili ipi.

Sasa tuje kwenye ubishi. Katika Volkswagen hizi betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na asidi yake hula sakafu. Ya baba ililiwa pia. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa wananchi. Katika misukosuko iliyofuata vipuri viliadimika madukani. Baba hakungoja. Alikata kipande cha pipa la mafuta, akakinyoosha kwa nyundo, akakichomelea penye tundu, kisha akachonga juu yake kwa patasi tarakimu mbili: 74. Ndugu yetu alipokiona alisema, “Yaya, hiki lazima kitoke. Kiwanda hakikutengeneza hivi.” Sisi tukamjibu kwamba ndiyo hasa sababu ya kukiacha.

Hapo tulikumbuka kitabu ambacho wanafunzi wetu wanakifahamu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji huu historia iitwayo *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Johannes Fabian alipoitoa mwaka 1990 hakuisahihisha ili ifanane na Kiswahili cha vitabu. Aliweka nakala ya maandishi yenyewe kama yalivyopigwa chapa, na kando yake matini iliyotayarishwa na Kalundi Mango ili isomeke kwa sauti. Mhariri angeyafuta yale yanayoitwa makosa, angeifuta Lubumbashi yenyewe. Je, kipande cha pipa si sentensi ya namna hiyo?

Ndugu yetu alitusikiliza kwa subira, kisha akachukua bisibisi na kuikandamiza pembeni mwa kipande. Ikatoboa. Ulinganisho wetu ukaishia hapo, maana sakafu ya gari hili ndiyo uti wake wa mgongo, na abiria hawaketi juu ya matini. Tulikubali kikatwe, ila kwanza kipimwe, kipigwe picha, na kihifadhiwe pamoja na tarakimu zake.

Kuhusu umeme tulipatana upesi zaidi. Gari lilitoka kiwandani na volti 6, na taa zake zilimulika kama koroboi. Ndugu yetu anataka volti 12: atabadilisha dinamo, kidhibiti chake, koili na balbu, lakini nyaya nene za zamani zitabaki, na hata mota ya kuwashia ya volti 6 huweza kuachwa. Hayo yote mtu anaweza kuyarudisha nyuma siku akipenda. Vitu vilivyotolewa tumevitia sandukuni, kila kimoja na karatasi yake. Tofauti hiyo, baina ya badiliko linalorudishika na lile lisilorudishika, twaiona nzito kuliko tofauti ya kipya na cha zamani.

Motere sasa imeshushwa, kazi nyepesi kwani imeshikwa na bolti nne tu. Silinda ya tatu ndiyo iliyochakaa kuliko zote, kama itokeavyo mara nyingi: kipoza mafuta kimesimama mbele yake na kuizibia hewa. Vali yake ya moshi imeungua, na tunaitafuta nyingine.