Marais Wawili na Donda la Kinywani

Donda la kinywani huanza dogo, mara nyingi bila maumivu, na mwenye nalo hulidharau. Habari za marais wawili wa Marekani zaonyesha gharama ya dharau hiyo.

Mwezi wa Juni 1884, Ulysses S. Grant, jemadari aliyepata kuwa Rais kwa miaka minane, alikuwa akila pichi nyumbani kwake Long Branch alipohisi maumivu makali kooni. Daktari mmoja aliyemtazama alimsihi amwone tabibu wake upesi. Lakini tabibu huyo alikuwa safarini Ulaya, na Grant, aliyekuwa amefilisika mwezi uliotangulia na kushika kalamu apate riziki, akangoja. Alipofika kwa bingwa wa koo, Daktari John Douglas, mwezi wa Oktoba, uvimbe ulikuwa umekwisha kukita penye shina la ulimi. Mapema mwaka 1885 kipande chake kilitazamwa kwa hadubini, ikathibitika kuwa ni saratani. Kupasua hakukufaa tena. Alikufa tarehe 23 Julai 1885, siku chache baada ya kumaliza kitabu cha maisha yake, kilichowaokoa jamaa zake na ufukara.

Miaka minane baadaye, Rais Grover Cleveland aligundua mahali penye kukwaruza kaakaani mwake. Daktari alipatazama mwezi wa Juni 1893. Na tarehe 1 Julai, ndani ya merikebu ya matembezi iitwayo Oneida, madaktari walikata sehemu ya taya lake la juu. Jambo hilo lilifichwa, kwa kuwa nchi ilikuwa katika dhiki ya fedha. Pengo likazibwa kwa kipande cha mpira, naye akasema kama kwanza, akaishi mpaka mwaka 1908.

Mtu mwenye insafu atasema kwamba maradhi hayo hayakuwa sawa. Ni kweli: nyama iliyotolewa kwa Cleveland ilihifadhiwa Philadelphia, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 1980 ulionyesha saratani ya aina ienendayo polepole. Lakini mgonjwa hachagui aina ya saratani yake. Achaguacho ni siku ya kufungua kinywa mbele ya daktari.

Kidonda, au doa jeupe au jekundu, lisilopona kwa majuma mawili, yafaa lionyeshwe. Hukatwa kipande kidogo, kikatazamwa kwa hadubini, na jibu likapatikana: jibu lile lile alilolipata Grant alipokuwa amekwisha chelewa.