Reli ya Kati na Nyanda za Juu za Buha

Reli ya Kati haikupanda hadi Kasulu wala Kibondo, katika nyanda za juu za Buha, magharibi mwa Tanzania. Ilijengwa na kampuni binafsi ya Kijerumani, Ostafrikanische Eisenbahngesellschaft, iliyodhaminiwa na serikali ya Ujerumani. Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914. Upana wake ni mita 1. Wajenzi waliikwepa milima ya Buha, wakafuata upande wa bonde la Malagarasi kupitia Uvinza, penye chumvi iliyotengenezwa karne nyingi kabla ya reli, kisha Kazuramimba hadi Ziwa Tanganyika.

Hata hivyo, njia hiyo iliyabadilisha maisha ya nyanda za juu kuliko barabara yoyote ya wakati wake. Kodi ya kikoloni ilidai fedha taslimu, na Buha haikuwa na zao kubwa la biashara. Wanaume wa Kasulu na Kibondo wakateremka hadi kwenye reli, wakasafirishwa mashariki kwenda kukata mkonge Tanga kwa mikataba. Ndio waliojulikana kama manamba. Kuanzia 1944 shirika la wenye mashamba ya mkonge, SILABU, lilisimamia uandikishaji wao. Wake zao walibaki kulima na kulea. Mzigo huo wa wanawake unastahili kutajwa kila reli hii inaposifiwa.

Njia hiyohiyo ilileta Kigoma vipande vya meli ya Goetzen, iliyoshushwa ziwani 1915 na ambayo leo ni MV Liemba.