Kabla ya Ndege Kulikuwa na TAZARA: Watoto Watundu Walivyotulizwa Njia ya Makambako

Mtoto akianza kulia kwenye ndege siku hizi, abiria wanagawanyika mara tatu: anayesonya, anayejifanya kalala, na anayechomoa simu arekodi. Lakini kasheshe la watoto safarini halikuanza na ndege. Waulizwe watu wa Njombe na Makambako.

Ujenzi wa TAZARA ulizinduliwa 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Makambako ikapata stesheni, tena pale pale kwenye njia panda ya barabara ya Zambia na ile ya Njombe na Songea. Familia ya Njombe iliyotaka treni ilisafiri kama kilomita 60 hadi Makambako, ikapanda na mabegi, viazi na watoto. Mbele yao, usiku kucha.

Mbinu zilikuwepo. Kwanza, dirisha linafunguka. Kila stesheni kuna ndizi, karanga na mahindi, na mdomo unaotafuna haupigi kelele. Pili, mahandaki. Reli nzima ina zaidi ya 20, mengi yakiwa kati ya Mlimba na Makambako. Treni ikiingia gizani: "Umeona? Tumemezwa! Nyamaza lisitusikie." Kimya. Tatu, mbuga. Treni ilipokatiza Selous mchana, twiga mmoja alitosha kumaliza ugomvi wa ndugu watatu.

Sasa mbinu kubwa. Vyumba vya kulala vya TAZARA vinatenganisha wanaume na wanawake, labda familia ilipie chumba kizima. Matokeo yake mtoto anakwenda na mama, baba anakoroma kwingine, kisha asubuhi anakuja kuuliza, "Mmelala salama?" Jamani! Ila daraja la pili lina vitanda sita, kwa hiyo mama anapata shangazi watano wa ghafla. Mmoja anapakata, mwingine anaimba, wa tatu anatishia, "Mkagua tiketi huyo anakuja!" Mtoto wa mmoja anakuwa wa chumba kizima.

Mwaka 2012 uwanja wa Songwe ukafunguliwa Mbeya, na mwenye nauli akaanza kufika Dar kwa saa moja na ushee. Raha, ila dirisha halifunguki, muuza karanga hayupo, na twiga haonekani. Juu ya hapo, ndege ikishuka mgandamizo wa hewa unabadilika na masikio yanauma. Mtu mzima anameza mate, maisha yanaendelea. Mtoto mchanga hajui hilo, analia. Hapo tatizo siyo malezi mabaya, ni masikio. Dawa ni kunyonya: titi au chupa. Aliyekua kidogo, apewe maji anywe taratibu.

Kwa hiyo watoto hawajaharibika kuliko wale wa 1976. Kilichopungua ni wale shangazi watano. Mama yuko peke yake, kapakata mtoto, na nyuma yake kuna kamera.

Ukikaa jirani naye, simu iache mfukoni. Jifunike uso na kitenge, ujifunue, umtolee macho. Mpe kile kikaratasi cha usalama akisome kichwa chini miguu juu. Muulize wingu lipi linafanana na ng'ombe. Utaonekana chizi kwa dakika kumi, lakini ndege nzima itapumua, na mama wa watu atashuka Dar kichwa juu.

Wewe ungeanza na mbinu ipi?