Sauti, Soko na Utambulisho: Albamu ya Pili ya Whitney Houston

Mnamo tarehe 2 Juni 1987, kampuni ya Arista ilitoa albamu ya pili ya Whitney Houston, mwimbaji Mmarekani Mweusi aliyekuwa na umri wa miaka 23. Albamu hiyo, iliyoitwa kwa ufupi Whitney, iliingia katika orodha ya jarida la Billboard moja kwa moja kwenye nafasi ya kwanza, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya kabla yake, na ikadumu hapo kwa majuma 11. Nyimbo zake nne zilifika kileleni kwa mfululizo. Zilipojumlishwa na tatu za albamu iliyotangulia zikawa saba, na rekodi ya nyimbo sita iliyokuwa ya Beatles na Bee Gees ikavunjwa. Hata hivyo, kabla ya miaka miwili kupita, mnamo Aprili 1989, jina la mwimbaji huyo lilipotajwa katika hafla ya Tuzo za Soul Train, tuzo zilizoasisiwa mahususi kwa ajili ya kuwaenzi wanamuziki Weusi, baadhi ya waliohudhuria walimzomea. Ilikuwaje albamu iliyopendwa na mamilioni ya watu imfanye msanii aonekane mgeni nyumbani kwake?

Jibu lililozoeleka ni kuwa Houston aliuza asili yake ili apate soko. Inadaiwa kuwa nyimbo za albamu hii zilikuwa za "Kizungu", na kwamba, maadamu hakutunga hata mmoja kati ya 11 zilizomo, alikuwa chombo tu mikononi mwa wafanyabiashara. Dai hili lina sehemu ya ukweli ambayo haifai kupuuzwa. Kasoro yake ni kwamba linautafuta utambulisho wa msanii katika maneno ya wimbo na katika takwimu za mauzo, ilhali sanaa ya Houston ilikuwa katika utendaji.

Ili kulipima dai hilo, hapana budi kurejea kwenye malezi yake. Houston alizaliwa mwaka 1963 katika mji wa Newark, jimbo la New Jersey, na alikulia katika kwaya ya kanisa la New Hope Baptist. Mama yake, Cissy Houston, aliiongoza kwaya hiyo. Mama huyo pia alikuwa mmoja wa waimbaji wa kundi la Sweet Inspirations, lililowaitikia Aretha Franklin na Elvis Presley. Katika shule hiyo ya nyimbo za Injili, mwimbaji hahesabiwi kuwa hodari kwa sababu ametunga maneno mapya. Uhodari wake hupimwa kwa namna anavyolivuta neno linalojulikana na kila mtu, anavyolichelewesha, anavyoipamba silabi moja kwa noti nyingi, na anavyoijua saa ya kunyamaza. Maneno ni mali ya wote. Yanavyoimbwa ni mali ya mwimbaji.

Albamu ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1985, ilipelekwa sokoni kwa hatua. Wimbo wa "You Give Good Love" ulielekezwa kwanza kwenye redio za Weusi, ukaongoza orodha ya muziki wa Weusi na kufika nafasi ya tatu katika orodha ya jumla. Baada ya msingi huo kuwekwa ndipo milango mingine ilipobishwa, na ilichukua takriban mwaka mzima kwa albamu yenyewe kufika kileleni. Katika albamu ya pili hali ilikuwa kinyume. Clive Davis, mkuu wa Arista, sasa alikuwa na msanii anayefahamika duniani kote. Wimbo uliotangulizwa, "I Wanna Dance with Somebody (Who Loves Me)", ulikuwa wa watunzi Wazungu wawili, George Merrill na Shannon Rubicam, na ulilenga hadhira yote kwa pamoja. Matokeo yake yanaeleza mengi: nyimbo zote nne zilizoongoza orodha ya jumla, hakuna hata mmoja ulioongoza orodha ya Weusi.

Manung'uniko ya hadhira ya Weusi, basi, hayakuzuka hivi hivi. Yalikuwa na historia nyuma yake. Katika miaka ya 1950, Wazungu kama Pat Boone waliziimba upya nyimbo za Fats Domino na Little Richard, na redio nyingi zikazipendelea nakala kuliko asili. Watu walioshuhudia sanaa yao ikinyang'anywa namna hiyo walikuwa na haki ya kumshuku kila aliyesifiwa sana ng'ambo ya pili ya mpaka. Lakini mpaka wenyewe ulichorwa na nani? Kati ya 1982 na 1990, Billboard ilikuwa na orodha ya nyimbo iliyoitwa rasmi ya "Weusi", pembeni mwa orodha ya jumla. Orodha hizo zilikuwa nyenzo za biashara, zenye kuonyesha redio gani ilicheza wimbo gani na duka gani liliuza santuri ipi. Kuzigeuza kuwa mizani ya Uweusi wa msanii ni kulikabidhi soko hukumu ambayo si yake.

Ukichunguza namna albamu ilivyotengenezwa, dai la "Kizungu" huyumba zaidi. Nyimbo saba kati ya 11 zilitayarishwa na Narada Michael Walden, mpiga ngoma Mweusi, na mwingine ulitayarishwa na Kashif, ambaye pia alikuwa Mweusi. Kuna wimbo wa Isley Brothers wa mwaka 1975, "For the Love of You". Albamu inafungwa kwa wimbo uliotoka katika tamthilia ya muziki ya Chess, "I Know Him So Well", ambao Houston anauimba akijibizana na mama yake mzazi. Tamthilia ni ya Uingereza, lakini sauti mbili zinazopokezana humo ni sauti za kwaya ya Newark.

Wimbo wa "I Wanna Dance with Somebody" wenyewe ni ushahidi mzuri. Kwa kuusikiliza juujuu, ni wimbo wa furaha: midundo ya mashine, vinanda vya kielektroni, kibwagizo chepesi kukariri. Lakini nafsineni ni mtu mpweke anayeliona jua likizama na kuuogopa usiku. Mvutano huo kati ya mahadhi na maudhui haukutatuliwa na watunzi. Ulitatuliwa na mwimbaji. Kuelekea mwisho, waitikiaji wanapokishikilia kibwagizo, Houston anakiacha na kuanza kupaa juu yao, akiita huku wao wakiitika, kama ifanyikavyo kanisani. Shangwe inageuka kuwa ombi.

Muktadha wa utendaji nao ulikuwa na uwezo wa kuzibadili nyimbo hizi. Tarehe 11 Juni 1988, Houston alitumbuiza kwa nyimbo kadhaa za albamu hii katika uwanja wa Wembley, London, katika tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, ambaye wakati huo alikuwa bado kifungoni. Nyimbo zilizoitwa za Kizungu zilisikika katika mkutano wa kupinga ubaguzi wa rangi. Mnamo Novemba 1994, miezi michache baada ya Mandela kuwa rais, mwimbaji huyo alifanya maonyesho Durban, Johannesburg na Cape Town. Waliomshangilia huko hawakuuliza watunzi walikuwa nani.

Mwaka 1990 Houston alitoa albamu ya tatu akishirikiana na L.A. Reid na Babyface, na wimbo wake mkuu, "I'm Your Baby Tonight", ukaongoza orodha zote mbili. Wengi waliona hilo kuwa toba. Yamkini ni sahihi zaidi kusema kuwa soko lilimjeruhi, naye akalazimika kutafuta dawa katika soko lile lile. Alifariki tarehe 11 Februari 2012. Ibada ya mazishi ilifanyika katika kanisa la New Hope Baptist, Newark, alikojifunzia kuimba, na mbele ya waombolezaji hao swali la yeye ni wa nani halikuhitaji kuulizwa. Albamu ya 1987 ilikuwa na jibu hilo tangu mwanzo. Waliomzomea walisoma majina ya watunzi na namba za orodha. Sauti yenyewe hawakuisikiliza.