Bure si Huria: Nyenzo za Mtandaoni na Ufundishaji wa Historia Mkoani Mara



Kiswahili kina maneno mawili ambayo mjadala wetu wa leo hauna budi kuyatenganisha: bure na huria. Kitu cha bure hakilipiwi. Lakini bure ni pia kisicho na faida, kama tusemapo kwamba fulani amejisumbua bure. Huria ni jambo jingine. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992, hakikupewa jina hilo kwa kuwa hakitozi ada, bali kwa kuwa humfuata mwanafunzi huko aliko. Hoja yangu ni kwamba nyenzo za historia zinazotolewa mtandaoni bila malipo zitamfaa mwalimu wa Musoma, Bunda au Butiama pale tu zitakapokuwa huria, yaani atakapokuwa na haki na uwezo wa kuzihoji, kuzisahihisha na kuzieleza upya kwa lugha ya wanafunzi wake.

Nyenzo zenyewe si haba. Juzuu nane za Historia Kuu ya Afrika, zilizoanza kuchapishwa na UNESCO mwaka 1981, zinasomwa mtandaoni bila malipo. Katika juzuu ya kwanza, iliyohaririwa na Joseph Ki-Zerbo, imo sura ya Jan Vansina kuhusu mapokeo simulizi. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Kuhusu Mara yenyewe, mwanahistoria Jan Bender Shetler alihoji wazee wengi katika miaka ya 1990, akaandika vitabu kadhaa. Na sehemu ya hazina hiyo imewekwa katika maktaba ya kidijitali ya urithi wa utamaduni wa Mara. Sauti zilizotoka vijijini zinaweza kurudi vijijini. Swali ni kwamba zinarudi katika lugha gani.

Swali hili limepata uzito mpya. Utekelezaji wa mtaala mpya ulianza Januari 2024, na somo la Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili hata katika shule za sekondari. Ilhali maandiko mengi ya kitaalamu ni ya Kiingereza, mwalimu wa historia amegeuka kuwa mfasiri, apende asipende.

Tuchukue mfano mmoja. Katika baadhi ya lugha za Mara ya kusini kuna maneno "rikora" na "saiga". Rikora ni kundi la kizazi: nafasi ya mtoto ndani yake hutegemea ile ya baba yake. Saiga huwakusanya vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja. Mfasiri mwenye haraka ataandika "rika" kwa yote mawili, na sentensi yake itasomeka vizuri kabisa. Lakini Shetler anaonesha kwamba baada ya njaa, maradhi na mashambulizi ya Wamaasai mwishoni mwa karne ya 19, saiga zilipata nafasi mpya katika kupanga makazi na ulinzi. Maneno mawili yakiwa moja, badiliko hilo halionekani tena. Kosa la msamiati limekuwa kosa la historia.

Hali kadhalika neno "mtemi". Kila mwanafunzi wa Butiama anajua kwamba Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922, alikuwa mwana wa Mtemi Nyerere Burito, aliyefariki mwaka 1942. Asipoelezwa zaidi, atadhani kwamba Wazanaki walitawaliwa na watemi tangu kale, kama majirani zao Wasukuma. Kumbe kabla ya ukoloni mamlaka yalikuwa zaidi mikononi mwa wazee wa rikora na waganga wa mvua. Utemi wa aina ile ulijengwa na tawala za Wajerumani na Waingereza. Neno limebeba dai la kihistoria, na mwalimu asiyelichunguza hulifundisha dai hilo bila kujua.

Ndiyo maana Pendekezo la UNESCO la mwaka 2019 kuhusu rasilimali huria za elimu halikuishia kwenye bei. Lilitaka leseni zinazomruhusu mtumiaji kutumia tena, kurekebisha na kusambaza. Kwa mwalimu wa Bunda ruhusa hiyo ina maana ya vitendo: anaweza kupakua maandiko mara moja penye mtandao mzuri, akayachapisha, akaongeza maelezo ya "rikora" na "saiga" pembeni, akawapa wenzake wasio na fedha za kununua kifurushi cha intaneti. Kisha wanafunzi wayapeleke nyumbani, wawaulize wazee wao kama neno limetumika sawasawa, na warudi na majibu yanayotofautiana. Tofauti hizo ndizo somo.

Sisi wanaisimu tuna deni hapa. Kamusi zetu za Kiswahili zimehifadhi kidogo mno msamiati wa taasisi za jamii za bara. Tukiwaandalia walimu faharasa za istilahi za kihistoria, zilizo wazi kwa masahihisho yao, tutakuwa tumefanya kazi yetu. Tusipofanya hivyo, historia ya Mara itapatikana bure, na kwa maana zote mbili za neno hilo.