Tukuyu hadi Dar es Salaam: Anga Imefupisha Safari, Barabara Bado

Simama Msasani, mjini Tukuyu wilayani Rungwe, uulize: kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni safari ya muda gani? Historia nzima ya uchukuzi wa Nyanda za Juu Kusini imo katika majibu ambayo kila kizazi kimeyatoa.

Mwaka 1891 mlango wa Unyakyusa, nchi ya Wanyakyusa wa Rungwe, haukuwa Dar es Salaam. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walioingia Rungwe mwaka huo walipitia pwani ya Msumbiji, wakafuata mito ya Zambezi na Shire, wakavuka Ziwa Nyasa, kisha wakapanda milima kwa miguu. Serikali ya Wajerumani nayo ilianzia ziwani, katika boma la Langenburg, kabla ya kuhamia milimani na kujenga Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilikuwa imepita mbali kaskazini; mzigo wa Rungwe ukaendelea kubebwa na wapagazi.

Ndege zilikuja mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1932, njia ya kampuni ya ndege ya Imperial Airways kutoka London hadi Cape Town ilipokamilika, Mbeya ilikuwa moja ya vituo vyake. Lakini mwaka 1937 kampuni hiyo ilileta ndege za kutua majini, na njia kuu ikahamia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Mbeya ikaachwa kando.

Kilichozifungua nyanda hizi kwa wananchi wa kawaida ni siasa za ukombozi. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kwenda baharini. Ndipo ikajengwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia, na baadaye TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Toka hapo ndizi, viazi na chai ya Rungwe vikapata njia ya moja kwa moja kuelekea pwani.

Desemba 2012 ukafunguliwa Uwanja wa Ndege wa Songwe, nje ya jiji la Mbeya. Kutoka hapo hadi Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni kama kilomita 690 kwa mstari ulionyooka, na ndege huzimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Kwa barabara, Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na basi linaloondoka alfajiri hufika usiku.

Hata hivyo abiria wa Msasani haanzii Songwe. Uwanja uko kama kilomita 55 kutoka kwake kwa mstari ulionyooka, lakini milima imekaa katikati. Inambidi apande hadi Uyole, akatize jiji la Mbeya lenye msongamano wa malori yaendayo mpakani Tunduma, apite Mbalizi: karibu kilomita 90. Ukijumlisha na muda wa kusubiri uwanjani, safari ya kuifikia ndege inaweza kuzidi ile ya angani.

Kwa hiyo upanuzi wa barabara kuwa njia nne kati ya Uyole na Ifisi, kilomita 29 za njia hiyo hiyo ya kuelekea uwanjani, ni sehemu ya usafiri wa anga wa Rungwe sawa na njia ya kurukia ndege. Wapangaji wa maendeleo wapime safari kuanzia mlangoni kwa mwananchi, na barabara hiyo ikamilishwe bila kuchelewa.