Mkahawa wa Kufanyia Kazi za Mtandaoni: Namna ya Kuuchagua na Haki ya Mwenyewe



Vijana wetu wengi siku hizi wanafanya kazi kwa mtandao: wanafasiri, wanatunza hesabu, wanatengeneza tovuti za waajiri walio mbali. Nyumba zikikosa utulivu au intaneti, hukimbilia mkahawani. Tumeona tukusanye hapa ya kuangaliwa, yawafae wao na wazazi wao.

Kahawa yenyewe

Kahawa ni halali. Masufi wa Yemen waliinywa katika karne ya 15 ili wasisinzie katika ibada za usiku. Mwaka 1511 ilipigwa marufuku Makka, kisha marufuku hayo yakatenguliwa na Sultani wa Misri. Kanuni ya mafaqihi ni kuwa asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Linalobaki kuangaliwa ni mahali na namna ya kukaa.

Mahali

Unguja mjini, kahawa ya barazani, kama ya pale Jaws Corner, hunywewa kwa vikombe vidogo pamoja na mazungumzo. Hapo si pa kufungulia kompyuta. Anayetaka kazi atafute mkahawa wa ndani wenye meza, mfano wa Zanzibar Coffee House ya Mkunazini, na aulize kwanza kama wanaruhusu.

Aulize pia soketi ziko wapi, na kama lipo jenereta. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikosa umeme takriban miezi mitatu. Kwa hiyo chaji iwe imejaa na bando la akiba liwemo kwenye simu.

Mkahawa uwe karibu na msikiti, na usiwe unauza ulevi, kwani Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza kukaa kwenye meza inayonywewa pombe. Binti akae sehemu ya wazi inayoonekana na watu, na wazazi wajue alipo na saa ya kurudi.

Haki ya mwenye mkahawa

Hili ndilo linalosahauliwa zaidi. Kikombe kimoja hakinunui meza ya kutwa. Meza, umeme na intaneti ni mali ya mtu, na mali ya mtu haihalaliki ila kwa ridhaa yake. Kwa ada, mteja ameridhiwa kukaa kiasi cha kunywa na kupumzika. Anayetaka saa tatu au nne amwambie mwenyewe waziwazi, wakubaliane: ataagiza tena kila baada ya muda, au atalipa kwa saa. Wateja wa chakula cha mchana wakijaa, aondoke au ahamie pembeni. Akikataliwa, asinung'unike. Itakuwa hasara kijana atafute riziki ya halali huku akila haki ya mwenzake.

Siri za mwajiri nazo ni amana: asizizungumze kwa sauti mbele ya watu, wala asiache kompyuta wazi anapokwenda kuswali.

Mchana wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa, basi familia zimtengee kijana pembe tulivu nyumbani mapema.

Na Allaah Anajua zaidi.